Punda akigoma, tuulize anaogopa nini

PUNDA afe, mzigo wa bwana ufike. Wengi wetu tulijifunza methali hii shuleni tukiwa uhamishoni, na mwalimu alipotutaka tutoe maana tulijibu kwa sauti moja kwamba inafunza bidii. Hakuna aliyeuliza mzigo wa kesho yake ulibebwa na nani.

Kwa mchuuzi anayetoa bidhaa Lokichoggio, akavuka Nadapal hadi Narus, kisha akaingia vijiji ambavyo lori haliviwezi wakati wa mvua, swali hilo si la mzaha. Punda ndiye gari lake, ndiye duka lake, na ndiye akiba yake. Punda akienda, biashara nayo imekwenda.

Lakini kuna hasara nyingine inayotangulia kifo. Ni punda aliye hai, mwenye nguvu, anayekula vizuri, ila haguswi. Ukimkaribia na gunia anakugeuzia matako. Ukinyosha mkono kichwani anauma. Njiani anasimama kama mti, na fimbo haimtoi pale. Sokoni watu watasema ni mkaidi au ana pepo, na bei yake itaanguka siku hiyo hiyo.

Watu wanaofunza farasi katika nchi nyingine wamepambana na tatizo la namna hii kwa miaka mingi. Njia waliyoifikia inaweza kutumika katika zizi letu la miiba bila kununua kitu chochote isipokuwa kamba. Wanasema hivi: mnyama anayepigana na watu mara nyingi ama anaogopa ama anaumwa, na imani yake hurudishwa ukiwa umesimama chini kando yake, kabla ya kumpanda na kabla ya kumpakia.

Farasi hukimbia, punda husimama

Asili ya farasi ni nchi ya nyasi iliyo wazi, ambako huishi kwa makundi. Akishtuka, hukimbia kwanza na kuangalia baadaye. Punda ametokana na punda mwitu wa Afrika, ambaye siku hizi amebaki kwa idadi ndogo katika nchi kame za Pembe ya Afrika. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda walianza kufugwa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Huyu basi si mgeni kwetu, ni mwenyeji.

Katika nchi ya mawe na ukame, kukimbia ovyo kunamaliza nguvu na kunaweza kuvunja mguu. Punda akitishwa husimama, hutazama na kupima. Akiona amezingirwa, hupigana kwa meno na mateke. Tabia hiyo ndiyo iliyomwokoa kwa maelfu ya miaka, na ndiyo tunayoiita ukaidi. Punda aliyeganda mbele ya dimbwi la maji anapima kama kuna hatari. Ukimpiga pale, umemthibitishia kwamba hatari ipo kweli, na kesho atagoma mapema zaidi.

Kuna jambo jingine la kujua juu ya macho. Macho ya farasi na punda yako kandokando ya kichwa, hivyo huona karibu pande zote. Mahali pasipoonekana ni nyuma kabisa ya mkia, na karibu sana mbele ya paji la uso. Anayemwendea mnyama mwoga kutoka nyuma, au anayerusha mkono ghafla usoni, ametokea kama mwizi gizani. Teke linalofuata lisimshangaze.

Walianza na farasi

Wazo la kumfunza mnyama bila hasira si la jana. Xenophon, askari na mwandishi wa Ugiriki ya kale, aliwaonya wapanda farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo wasimwendee farasi kwa hasira.

Hata hivyo, kwa muda mrefu njia ya mabavu ndiyo iliyotamba. Katika nchi za wachunga ng'ombe za magharibi mwa Marekani, farasi mchanga alifungwa, akatandikwa, akapandwa na kuachwa arukeruke mpaka nguvu zimwishe. Walisema wamemvunja, na kweli wengine walivunjika.

Tom Dorrance, mtoto wa mfugaji kutoka jimbo la Oregon aliyezaliwa mwaka 1910, alishika njia nyingine. Alimtazama farasi kwanza, akatafuta kitu kilichomsumbua, kisha akapanga mambo ili farasi mwenyewe aone kwamba kutulia ni rahisi kuliko kupigana. Ray Hunt, mwanafunzi wake aliyefariki mwaka 2009, alizunguka nchi nyingi akifundisha njia hiyo. Aliyewafuata ni Buck Brannaman, ambaye alipigwa vibaya na babake utotoni na amesimulia mateso hayo katika filamu ya mwaka 2011 inayobeba jina lake. Si ajabu kwamba mtu aliyekua akihofia hatua za mzazi ndiye aliyeelewa farasi anayehofia hatua za binadamu.

Sisi tuliorudi nyumbani hatuhitaji maelezo marefu hapo. Aliyesukumwa katika kila kizuizi cha barabarani hashuki kwa furaha anapoona kizuizi kingine, hata kama askari wa hapo ni mpole. Punda wengi wa sokoni wamepita mikono mingi, na hakuna anayekuambia mikono hiyo ilikuwa ya namna gani.

Kwanza tafuta maumivu

Jirani yangu mmoja, mama aliyerudi kutoka kambini akiwa na watoto wanne, alinunua punda jike wa kijivu kwa akiba yake yote ili auze unga na sukari vijijini. Alimpata kwa bei nafuu, na wiki ya kwanza akajua sababu. Punda alikubali kufuata wenzake kwenda majini, lakini akiona gunia tu aliruka upande na kurusha miguu ya nyuma. Mtoto wa pili wa mama huyo alipigwa teke la paja. Shemeji akashauri punda apelekwe kwa wachinjaji kabla hajaua mtu.

Mhudumu wa mifugo wa eneo letu alipokuja, hakugusa kamba kwanza. Alizunguka zizi akitazama. Akauliza punda anatafunaje, anakojoaje, anakanyagaje. Kisha, punda akiwa amesimama ubavuni mwa mwenzake aliyemzoea, akamwonyesha mama mahali ambapo manyoya yalikuwa yameota meupe juu ya uti wa mgongo. Katikati ya weupe ule palikuwa na kidonda kilichofunga juu na kubaki na usaha chini.

"Mama, huyu hakuchukii wewe," alisema. "Anakataa kuumizwa pale pale tena."

Sababu ilikuwa sogi, yale matandiko ya kubebea mizigo. Mti wa sogi ulikuwa ukikaa juu ya mfupa wa mgongo badala ya kuegemea nyama za pande mbili. Kidonda kilioshwa kwa maji ya chumvi kila siku, na punda hakubebeshwa kitu mpaka kilipopona kabisa. Sogi likatengenezwa upya kwa mito miwili ya gunia lililojazwa nyasi, na nafasi ya wazi ikaachwa katikati ili uti wa mgongo usiguswe.

Ndiyo maana kabla ya kumfunza punda mkali, mkague. Angalia mgongo, kifua, mkia na pembe za mdomo. Tazama kama kwato zimerefuka au kupasuka. Angalia kama anadondosha chakula akitafuna, maana jino bovu humfanya mnyama akatae kuguswa kichwa. Pima na mzigo pia. Punda wa kilo 150 akibeba gunia la kilo 50 amebeba theluthi ya uzito wake. Ukimwongezea la pili, umembebesha theluthi mbili, na hapo usitafute sababu nyingine ya kugoma.

Na tahadhari moja kubwa. Punda aliyekuwa mpole akigeuka mkali ghafla, akauma ovyo, akatoa mate mengi au akashindwa kumeza, asiguswe. Kichaa cha mbwa huwapata punda pia. Waondoe watoto, mwite mtu wa mifugo, na aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi kisha akimbilie hospitali siku hiyo hiyo.

Kamba ndefu, mkono mwepesi

Kidonda kilipona, lakini hofu ilibaki. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, dakika 10 hadi 15 asubuhi na nyingine jioni, kabla jua halijawa kali. Punda mwenzake aliachwa karibu na ua, kwa sababu punda hushikamana sana na mwenzake na akitengwa hawezi kutulia.

Siku tatu za mwanzo hapakuwa na kamba wala fimbo. Mama aliingia zizini, akatembea taratibu kwa kupinda, akielekea bega na si kichwa. Punda aliponyanyua kichwa na kukaza masikio, mama alisimama kabla punda hajakimbia. Alipoteremsha kichwa au kupumua kwa nguvu puani, mama aligeuka na kwenda zake. Watoto waliokuwa wakichungulia walicheka, wakadhani mama ameshindwa. Kumbe kuondoka ndiyo zawadi yenyewe. Punda alikuwa akijifunza kwamba akitulia, mtu huondoka. Siku ya nne alimfuata mama hatua mbili.

Baada ya hapo ukaja mkono. Hakuanza na uso. Alikuna pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo punda wenyewe hukunana kwa meno. Mkono uliondolewa punda akiwa bado ametulia, si baada ya kuruka. Ukiondoa mkono wakati anaruka, umemfundisha kuruka.

Kisha ikaja hatamu laini ya kamba, isiyobana pua, na kamba ya kuongozea ya mita tatu hadi nne. Kamba hii usiizungushe mkononi wala kiunoni hata siku moja, maana punda akishtuka atakuburura.

Siri ya kazi yote iko katika kuvuta na kulegeza. Unavuta kamba kidogo tu na kushikilia hapo, bila kutikisa na bila kuongeza. Unangoja. Punda akihamisha uzito wake kuja kwako, hata kabla hajanyanyua mguu, unalegeza mara moja. Anayelegeza kwa kuchelewa, punda akiwa ameshawaza jambo jingine, amepoteza somo lake. Kwetu walimu jambo hili si geni: mtoto akisifiwa pale pale alipopata jibu huelewa anasifiwa kwa nini, akisifiwa Ijumaa kwa jibu la Jumatatu, atafurahi lakini hatajua.

Zoezi la pili ni kusogeza matako. Simama karibu na bega, tazama nyonga yake, elekeza ncha ya kamba kule. Akihamisha mguu mmoja wa nyuma kwenda mbali nawe, acha mara moja na umkune. Rudia upande wa pili. Zoezi hili ndilo linalookoa mapaja ya watoto, kwa kuwa punda anayejua kuondoa matako akiombwa hawezi kukugeuzia kwa vita.

La tatu ni kurudi nyuma hatua moja. La nne ni kunyanyua mguu: pitisha mkono begani hadi chini, nyanyua kwa sekunde moja, rudisha wewe mwenyewe kabla hajaunyakua. Kesho sekunde mbili.

Farasi wengine hufunzwa kwa kuzungushwa ndani ya ua wa duara hadi wamgeukie mtu. Kwa punda mwoga sikushauri. Ukimfukuza katika ua mdogo ataganda au atakugeukia, na umerudi mwanzo.

Gunia linaloondoka

Kitu kilichobaki ni adui mwenyewe, yaani gunia. Mhudumu wa mifugo alimwambia mama asilipeleke kwa punda, bali aliburute gunia tupu akitembea mbele, punda akifuata nyuma kwa kamba iliyolegea. Mnyama hupata ujasiri akiona kitu cha kutisha kinamkimbia. Katika siku mbili punda alikuwa akinusa gunia lile, na siku ya tatu akalikanyaga.

Kisha gunia lilimgusa begani na kuondolewa, likamgusa tena na kuondolewa, kila mara akiwa ametulia. Likapanda mgongoni likiwa tupu. Likaja sogi bila mzigo, kisha kilo tano za mahindi kila upande, maana mzigo unaoegemea upande mmoja ndio unaorudisha vidonda.

Mambo hayakwenda kwa mstari ulionyooka. Wiki ya tatu bodaboda ilipita ikilipua bomba la moshi, punda akakata kamba na kutokomea vichakani hadi jioni. Kesho yake hakutaka hata kukunwa. Mama alirudi kwenye zoezi la kwanza kabisa, la kusimama na kuondoka, kwa siku mbili. Wiki ya sita punda alitembea hadi kijiji cha kwanza na kurudi, akiwa na nusu ya mzigo wa kawaida.

"Nina watoto wa kulisha"

Najua msomaji anawaza nini, kwa sababu mama huyo aliwaza hivyo hivyo. Siku ya pili aliniambia, "Mwalimu, hayo ni mambo ya watu wenye farasi wa kuchezea. Mimi nina watoto wanne, na unga haujipeleki vijijini."

Hakukosea. Kwa wiki sita alibeba alichoweza kichwani, na siku za soko alilipa kukodi punda wa jirani. Faida yake ilipungua sana. Njia hii si ya bure, na anayesema ni ya bure hajawahi kuuza unga.

Lakini weka hesabu ya upande wa pili. Punda wa kununua leo si wa bei ya zamani. Kuanzia mwaka 2016 Kenya ilifungua machinjio ya punda, ngozi zikipelekwa China kutengenezea dawa ya asili iitwayo ejiao. Wizi wa punda ukaongezeka, na mwaka 2020 serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo. Tanzania nayo ilipiga marufuku mwaka 2022. Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Uamuzi kama huo unaonyesha jinsi mnyama huyu alivyokuwa akitoweka. Anayempeleka punda mkali kwa wachinjaji atapata fedha za siku chache, kisha arudi sokoni kununua mwingine kwa bei ya juu, naye pia ana historia asiyoijua.

Kuna na gharama ya fimbo yenyewe. Punda anayeogopa humwaga mizigo, hukata kamba na huumiza watu. Hukubali kubeba mbele ya mtu mmoja tu, yule mwenye fimbo, na mtu huyo akiugua malaria biashara inasimama. Punda aliyefunzwa kwa utulivu huongozwa na yeyote anayejua ishara zake.

Akigoma njiani

Hata punda mzuri atagoma siku moja, kwenye daraja, kwenye maji au mbele ya turubai linalopepea. Fanya hivi. Kwanza usimtazame usoni wala usisimame mbele yake ukivuta kwa nguvu zote, kwani punda ana uzito kukuzidi. Simama kando ya bega, ukielekea uendako. Mwache atazame kwa dakika moja au mbili. Vuta kamba kidogo, ngoja, legeza akihamisha hata kwato moja. Kama kuna punda mwenzake asiyeogopa, mpitishe huyo kwanza. Ikishindikana, mgeuze kushoto au kulia hatua chache kisha mrudishe, kwa maana mguu ukishatoka ardhini hofu hulegea.

Na akivuka, usimharakishe. Msimamishe upande wa pili, mkune, apumue. Kesho atalikumbuka daraja lile kama mahali pa kupumzika.

Neno la mwisho liwaendee wazazi. Mizigo hupakiwa na watu wazima, lakini anayempeleka punda majini kila asubuhi ni mtoto wa miaka tisa au kumi, na mara nyingi amepewa fimbo kabla ya kupewa maelezo. Mtoto huyo yuko na punda saa nyingi kuliko sisi sote. Kazi ya wiki sita inaweza kuharibika mikononi mwake kwa asubuhi moja, au kukamilika. Mwonyeshe mahali pa kukuna, mwonyeshe namna ya kulegeza kamba, kisha mtume majini bila fimbo.